Mteja wa Ukurasa wa Thelathini na Saba

Wengi wenu mmeniandikia kupitia gazeti mkisema mteja wangu ni tapeli. Mmoja ameandika kwa wino mwekundu: "Bibi, funga duka." Ahsante, mwanangu. Ungeniandikia mapema.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, habari yangu ni fupi. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, yaani kuvishona na kuvitia majalada, katika maktaba ya mji. Aliponitoka aliniachia kabati zima la vitabu. Mimi na mkamwana wangu, mke wa mwanangu ninayeishi naye, tukaanza kuviuza mtandaoni, kimoja kimoja, nipate senti za dawa ya macho bila kumnyooshea mtu mkono. Yeye hupiga picha. Mimi hufungua kila ukurasa na kutaja kasoro zote: doa la chai hapa, kona iliyoliwa na mende pale. Watu wanapenda muuzaji anayesema ukweli.

Kisha akaja mteja asiyejali chai wala mende. Kila kitabu, ombi lake lilikuwa lile lile: "Bibi, nitumie picha ya ukurasa wa thelathini na saba." Nikampa jina, Bwana Thelathini na Saba. Alikuwa amekwisha kununua vitabu kumi na vinne. Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimekaa dirishani na kioo cha kukuzia, kitabu cha nyota nimekifungua ukurasa huo huo.

Sasa niwaambie nilichoona.

Chini kabisa, ndani ya mkunjo karibu na mshono, palikuwa na alama ya duara ndogo kama kifungo cha shati la mtoto. Nilikwisha kuiona siku nyingine kwa macho matupu, nikaidhani doa la wino. Chini ya kioo likawa si doa. Lilikuwa na herufi.

Ulikuwa mhuri wa maktaba. Maktaba ile ile aliyofanya kazi mume wangu.

Nilitoa vitabu vyote vilivyobaki kabatini. Vya marehemu vilikuwa tisa. Kimoja baada ya kingine, ukurasa wa thelathini na saba, mkunjoni, mhuri. Nikachukua vile nilivyonunua mwenyewe kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Ukurasa huo huo ulikuwa mweupe kama sahani.

Nikarudi mwanzoni mwa vile vya marehemu, pale ambapo maktaba hupiga mhuri wake mkubwa kila mtu auone. Hapakuwa na mhuri. Palikuwa na karatasi safi, mpya kuliko nyingine zote, imebandikwa kwa ustadi.

Miaka arobaini na moja nimelala ubavuni kwa mtu yule. Nilijua ni kidole kipi humuuma mvua ikikaribia. Siku ile nikajikuta namtazama pichani ukutani kama askari anavyomtazama mtu aliyebeba gunia.

"Ulikuwa unafanya nini, baba?" nikamuuliza.

Picha ilitabasamu tu, kama kawaida yake.

Mkamwana wangu akaingia na beseni la nguo.

"Mama, mbona umemwaga kabati lote? Unatafuta nini?"

"Vumbi."

"Vumbi, na kioo cha kukuzia?"

"Siku hizi limekuwa dogo."

Akacheka, akaweka beseni chini, akaanza kunisaidia kuvirudisha. Hapo nikashika kitabu kikubwa cha ramani, chenye jalada la kijani.

"Na hiki, mbona hakijapata mtu?"

Aliacha kucheka. "Hicho kimeshauzwa, Mama. Wiki mbili sasa."

"Kimeuzwa na bado kiko hapa?"

"Mwenyewe atakuja kukichukua Alhamisi."

"Mwenyewe nani?"

"Mteja tu."

"Mteja tu huwa na maswali. Huyu hakuuliza hata kasoro?"

"Mama nawe! Si kila mtu anataka kujua chai ilimwagika wapi."

Akabeba beseni lake akatoka. Sasa, mkamwana wangu hajui kusema uongo. Akisema, husugua ukucha wa kidole gumba. Siku ile aliusugua mpaka nikauonea huruma.

Nisimwonee. Nilipovunjika nyonga, wiki sita ni yeye aliyeniogesha. Alikuwa akipasha taulo juu ya birika kwanza, lisinishtue kwa baridi. Mtu wa namna hiyo unaanzaje kumshuku? Lakini nilianza. Shaka ikishaingia nyumbani haichagui chumba.

Nikaona heri niulize anayejua. Baba yake huyu mkamwana ndiye aliyekuwa mkuu wa maktaba ile mpaka alipostaafu. Ndivyo watoto wetu walivyojuana: mtoto wa fundi na mtoto wa mkuu. Wengine wangekataa ndoa ile. Yeye hakukataa. Kwenye mazishi ya mume wangu alileta viti kwa gari lake mwenyewe, akabaki amesimama kaburini hadi koleo la mwisho. Msiba ulipokwisha akaja tena.

"Mzazi mwenzangu," aliniambia siku hiyo, "vitabu hivi vinakubania nafasi. Niache nivichukue vyote, nikupunguzie kazi."

Nilikataa kwa sababu vilikuwa na harufu ya gundi ya mume wangu. Lakini wema wake niliuweka moyoni.

Nikampigia simu.

"Mzazi mwenzangu, hivi vitabu vya marehemu vina mihuri ya maktaba ndani."

"Mihuri? Aa, hivyo vitabu vilifutwa kwenye daftari. Vilikuwa vimechakaa, wafanyakazi wakaruhusiwa kuchukua. Usihangaike."

"Vimechakaa? Cha nyota hakina hata kona iliyokunjika."

"Ndiyo mambo ya ofisi hayo, mzazi mwenzangu." Halafu, kwa sauti ya chini: "Kuna mtu mwingine aliyeiona?"

"Mimi tu na kioo changu."

"Basi vizuri. Pumzisha macho."

Nilikata simu nimetulia. Nilipofika jikoni kuweka maji, utulivu ukaniacha. Mtu asiye na neno, kwa nini aulize ni nani mwingine ameona?

Na hapa ndipo nilipofanya la kijinga.

Bwana Thelathini na Saba alituma ujumbe. Anataka kile kitabu cha nyota. Na picha ya ukurasa wake, tafadhali. Nikasema moyoni, huyu anajua, na anachokitafuta ni jina la mume wangu alitie matope. Mkamwana hakuwepo. Nikachukua kitabu kimoja cha yule mwalimu, kisicho na mhuri, nikakifungua, nikapiga picha mwenyewe, nikaituma.

Jibu halikuchelewa.

"Bibi, ukurasa ulionitumia unaeleza kuhara kwa kuku. Mimi nimeomba kitabu cha nyota."

Niliona haya hadi masikio yakapata moto. Maisha yangu yote sijasema uongo mtandaoni, na wa kwanza nimeuharibu kwa kuku.

Ukaja ujumbe wa pili: "Usiogope. Nitakuja mwenyewe Alhamisi saa nne asubuhi. Anwani unaiandika nyuma ya kila kifurushi. Ila naomba jambo moja. Kile cha ramani, cha kijani, naona umeandika kimeuzwa. Kimeuzwa kwa nani?"

Alhamisi. Watu wawili, siku moja, kitabu kimoja.

Sikumwambia mkamwana. Naye hakuniambia lake. Tulikula siku mbili tunapeana chumvi kwa adabu kama wageni.

Alhamisi nilivaa gauni langu zuri, nikaegemeza mkongojo mahali ambapo ningeufikia. Nilijiandaa kwa mwanamume mkubwa mwenye sauti. Mlango ukagongwa mara mbili, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Nikafungua. Alikuwa mwanamke. Mwembamba, kichwa chote mvi, mfuko wa kitambaa begani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Mimi ndiye wa ukurasa wa thelathini na saba."

"Mimi nilikuwa namngoja bwana."

"Bwana hayupo," akasema. "Alishajiendea zamani. Nimebaki mimi."

Nikamkaribisha. Hakuangalia kabati. Aliangalia meza yangu, pale nilipoacha gazeti na kipande cha karatasi ngumu juu yake. Mimi husoma kwa kuweka karatasi chini ya mstari, nisiruke. Akakigusa kile kipande kwa ncha ya kidole.

"Bado unasoma hivi," akasema.

Nikakaa.

Niwaeleze. Zamani nilikuwa nampelekea mume wangu chakula cha mchana maktaba. Dawatini alikaa mkutubi mmoja ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuweka kidole mdomoni watu watulie. Tulimwita Mama Kimya. Siku moja aliniona nimesimama mbele ya rafu, nageuza kitabu juu chini. Nilikuwa nimefika darasa la tatu tu. Hakunicheka. Alikata kipande cha karatasi ngumu, akakiweka chini ya mstari wa kwanza, akaninong'oneza, "Mstari mmoja tu. Mingine isubiri." Kuanzia hapo kila wiki aliniazima kitabu kwa kadi yake mwenyewe, maana mimi sikuwa na kadi. Miaka miwili.

Haya mnayoyasoma kila wiki, mkono ni wangu. Aliyeniwezesha ni yule.

"Mama Kimya," nikasema.

"Hakuna anayeniita hivyo siku hizi." Alikaa, mfuko kaupakata. "Sikujua kama ni wewe. Niliona tu tangazo. 'Kitabu kizuri, kurasa zote zipo, doa dogo la wino ukurasa wa thelathini na saba.' Wiki iliyofuata tangazo lingine, kitabu kingine: doa dogo la wino ukurasa wa thelathini na saba. La tatu nilipoliona nililia."

Nikakumbuka. Niliandika mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, kila kimoja siku yake, wala sikuwahi kuyaweka pamoja. Uaminifu wangu wa madoa!

"Kila maktaba ina ukurasa wake wa siri," akaendelea. "Mhuri wa mbele mwizi anauona, anauchana. Wa pili unapigwa mahali ambapo wanapajua wachache. Kwetu ulikuwa thelathini na saba. Na kitabu kikifutwa kihalali, hapo hapo hupigwa mhuri mwingine juu yake: kimeondolewa. Hivi vyako havina."

"Nimeambiwa vilifutwa."

"Na nani?"

Nikainama kusawazisha gazeti mezani. Na yeye hakunisukuma. Alifungua mfuko, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imegeuka matundu.

"Vitabu arobaini na vitatu, dada. Funguo zilikuwa kwangu, kwa hiyo mwizi nikawa mimi. Miaka kumi na tisa. Sikupata barua ya tabia njema, sikupata dawati lingine. Nimeshona sare za shule mpaka vidole vimepinda. Hayo nimeyameza. Lililonikaa kooni ni mama yangu. Alikufa akiniombea Mungu anisamehe wizi. Ananiombea, mimi nimeketi pale namlisha uji."

Alisema bila kupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele.

"Sasa unataka nini?"

"Mkuu mpya wa maktaba amekubali kunisikiliza Jumatatu. Anasema vitabu peke yake havitoshi, mtu anaweza kusema nilivificha mwenyewe. Anataka maandishi." Akanitazama machoni. "Dada, fundi alijua?"

Basi nimefika mahali ambapo, wasomaji wangu, nimekuwa nikipazunguka tangu sehemu ya kwanza. Niliwaambia sijui vitabu vile vilitoka wapi. Sikuwaambia yote.

Jumamosi mume wangu alikuwa akileta vitabu vya kazi nyumbani. Yeye hukata, mimi hushona na kubandika. Katika baadhi, ukurasa wa kwanza ulikuwa umekwisha kutolewa. Niliuona ukingo uliokatwa kwa wembe. Nikauliza mara moja. Akasema, "Maagizo ya juu." Sikuuliza mara ya pili. Nilibandika karatasi safi, nikasawazisha kwa kiganja, nikajisifu kwamba haina hata kipovu kimoja cha hewa.

Ni mkono wangu. Hii kazi safi niliyoikagua kwa kioo cha kukuzia, nikamshuku marehemu, ni ya mkono wangu.

Na siku aliyorudi nyumbani hakula, akakaa akasema, "Leo wamemfukuza Mama Kimya," mimi nilisema, "Maskini." Nikatia uzi kwenye sindano, nikaendelea kushona.

Nikamwambia yote hayo, uso kwa uso, pale mezani. Nilitaka kulia, lakini nikaona si haki nilie mimi.

Mama Kimya aliilaza orodha yake mezani. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Mjalidi anaujua ukurasa wa siri kuliko mtu yeyote. Angetaka, angeukwangua mhuri. Hakuukwangua hata mmoja. Tangu nilipoliona tangazo la kwanza najiuliza kwa nini."

"Labda aliogopa."

"Labda. Au labda alitaka siku moja mtu auone."

Hapo kumbukumbu ikanijia, nzima nzima, kama mtu aliyeingia bila hodi.

Kitabu nilichokuwa nashona siku ile aliyofukuzwa kilikuwa kikubwa. Cha ramani. Jalada la kijani. Nilipofika kwenye kubandika karatasi ya ndani ya jalada, mume wangu alitoa kikaratasi mfukoni, kimekunjwa.

"Kiweke hapo chini, kisha bandika juu yake," alisema.

"Cha nini?"

"Kinaimarisha kona."

Nilikuwa nimejalidi vitabu vingi, sikuweza kuamini kwamba kikaratasi kimoja kinaimarisha kona. Lakini nilikiweka, nikabandika. Na kitabu kile hakukirudisha tena, sawa na vile vingine vya wembe. Kilikaa kabatini mwetu tangu siku hiyo.

Nikamweleza Mama Kimya. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Kila kitabu kikienda kwa fundi kiliambatana na kikaratasi cha maagizo," akasema. "Rangi ya kitambaa, tarehe, na sahihi ya aliyekituma. Vya vitabu vilivyopotea havikuonekana hata kimoja. Walisema nimevichoma mimi."

Nikanyanyuka, nikakitoa kitabu cha kijani, nikakiweka mezani. Nikafungua jalada la nyuma. Kwenye kona ya chini, ukipitisha kidole, palikuwa na uvimbe mdogo wa mraba. Kwenye tangazo nilikuwa nimeuandika: "karatasi ya jalada imeinuka kidogo."

"Tukichane?" nikauliza.

"Mimi ni mkutubi, dada," akasema. "Kitabu hakichanwi. Lowesha."

Nilichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, nikakikamua, nikakilaza juu ya kona. Gundi yetu ilikuwa ya unga wa ngano. Huwa inasikia ukiibembeleza.

Tulikuwa tumeinama namna hiyo, vichwa viwili vyeupe, mkamwana wangu alipoingia na sinia la chai. Aliona kitabu. Vikombe vikagongana.

"Mama," akasema, "hicho usikibandue."

Nikageuka polepole.

Kona yote ilikuwa imefunikwa na kitambaa. Hakuona tukilowesha. Na kwa miaka kumi na tisa sikumwambia mtu yeyote kwamba chini ya karatasi ile kuna kitu.

"Mwanangu," nikasema, "nani kakwambia hapa kuna cha kubandua?"

Akaweka sinia sakafuni, maana mikono haikumtosha. Akaanza kusugua ukucha, kisha akaacha. Nadhani aliona hauna kazi tena.

"Baba yangu," akasema. "Alinipigia siku alipoliona tangazo. Akasema kitabu cha kijani kisiuzwe, niandike kimeuzwa, atakuja kukichukua. Nikauliza kwa nini. Akasema marehemu alimwambia zamani kwamba ameficha karatasi humo ndani, mambo ya zamani, yatawaumiza watu bure." Machozi yakamshuka. "Mama, baba ana moyo mbovu. Daktari amesema asishtushwe. Mimi sijui kuna nini humo, naapa. Ila sauti yake sikuwahi kuisikia vile. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba."

Nikamtazama huyu, aliyepasha taulo juu ya birika. Nikamtazama yule, aliyekata kipande cha karatasi ngumu. Kitambaa kilikuwa kimekaa vya kutosha. Nilijua bila kukigusa.

Mama Kimya ndiye aliyezungumza, kwa ile sauti yake ya dawatini.

"Acha, dada. Nimesubiri miaka kumi na tisa. Sikuja kuvunja nyumba ya mtu asubuhi moja."

Akaanza kukunja orodha yake, kwa mikunjo ile ile iliyotoboka.

Hapo ndipo nilipojua nitafanya nini. Angening'ang'ania, labda ningepata kisingizio. Aliniachia, na mtu akikuachia namna ile huna pa kujificha.

Niliondoa kitambaa. Nikaingiza ukucha chini ya kona. Karatasi yangu mwenyewe, isiyo na kipovu hata kimoja, ikaachia kidogo kidogo, bila kuchanika. Chini yake kikalala kikaratasi, kimekunjwa, rangi ya chai. Nikakitoa, nikakiweka mezani. Nikakikunjua kikiwa kimelalia maandishi. Wino wa bluu ulikuwa unaonekana kwa nyuma, mistari mitatu, na chini yake sahihi yenye mkia mrefu.

Hakuna aliyekigeuza.

Nje, mlango wa gari ukafungwa. Viatu vikakanyaga changarawe, taratibu, vya mtu anayejua njia.

"Hodi, mzazi mwenzangu!" sauti ikaita, changamfu. "Nimefuata kile kitabu changu."

Mkamwana akashika mdomo. Mama Kimya akaketi wima, mikono juu ya mapaja, kama alivyokuwa akiketi dawatini mlango mkubwa ukifunguliwa asubuhi.

Mimi sikufunika kitu. Nilivuta kiti cha nne, nikakiweka mbele ya kile kikaratasi, na juu ya meza, kando yake, nikaweka kipande changu cha karatasi ngumu.

"Karibu ndani, mzazi mwenzangu," nikaitikia. "Macho yangu leo yamechoka. Njoo ukae, utusomee. Mstari mmoja tu kwanza. Mingine itasubiri."